Nani Awekwe Juu ya Upelelezi wa Misitu na Wanyama?

Kila inapokuwa wazi nafasi ya mkubwa wa kuongoza upelelezi wa makosa ya kuiharibu nchi, yaani wizi wa magogo, uuaji wa tembo na utiaji wa sumu mitoni, maneno ya ofisini huwa yale yale. Mmoja husema apewe askari, mwingine husema apewe mtaalamu wa wanyama, na wa tatu huuliza kwa sauti ya chini kwamba safari hii ni mtu wa nani. Sisi makarani hatuulizwi, na pengine ndiyo desturi. Walakini, maadam hati za makosa hayo hupita mezani petu kabla hazijafika kwa mpelelezi yeyote, twaona si utovu wa adabu kusema neno letu katika gazeti hili la chama.

Neno lenyewe ni hili: mtu huyo na achaguliwe kwanza kwa uwezo wake wa kusoma daftari na kulifikisha shauri mahakamani lisianguke. Ushujaa wake wa porini na utazamwe baadaye.

Wazee wetu walimwita afisa wa wanyama Bwana Nyama. Bwana huyo alitangulia na bunduki, na karani akafuata nyuma na sanduku la karatasi. Mpaka leo watu wengi wakisikia habari za mkuu wa upelelezi humfikiria bwana yule wa bunduki, na sanduku wamelisahau. Nasi twadai kwamba wizi mkubwa wa nchi hii umekaa ndani ya sanduku lile.

Tuanze na miti. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, na wilaya za kusini, zilizokuwa zikikatika na Dar es Salaam kila masika, zikaunganika nayo. Ilikuwa neema kubwa, wala hatusemi vinginevyo. Lakini magogo nayo yalipata njia. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC likatoa taarifa ya uchunguzi wake juu ya biashara ya mbao za kusini. Tunaomba wasomaji wetu waangalie jinsi jambo kubwa katika taarifa ile lilivyojulikana. Hakuna aliyekimbizwa porini ili lijulikane, wala risasi haikupigwa. Daftari mbili ziliwekwa pamoja juu ya meza: moja ya Tanzania, ya mbao na magogo yaliyoandikwa kutoka, moja ya China, ya yale yaliyoandikwa kuingia kutoka Tanzania. Ile ya China ilizidi mara kumi. Tena wakakadiria kuwa hadi asilimia 96 ya ushuru wa mazao ya misitu uliostahili kukusanywa na Serikali Kuu na wilaya ulikuwa ukipotea.

Ndugu mwanachama, piga hesabu hiyo kama karani. Katika kila kumi zilizopokewa kule, moja tu imeandikwa huku. Gogo la mninga halipiti chini ya kanzu. Limekatwa kwa msumeno, limebebwa na lori, limesimama kwenye kizuizi cha barabara, limepimwa bandarini, limetiwa katika kontena na kontena likafungwa kwa lakiri. Katika kila kituo ilipasa liandikwe na mtu fulani, na mtu huyo ana jina na saini. Mpelelezi ajuaye kazi yake angeanza kwa saini hizo, angali amekaa kitini.

Na wanyama ni vivyo hivyo. Mwezi wa Novemba 1910 mtu angeweza kuamini kwamba mnyama alisafirishwa usiku bila Serikali kujua. Lakini Novemba 2010, katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, walipakiwa katika ndege wanyama na ndege wa porini zaidi ya mia, wakapelekwa Qatar, na miongoni mwao walikuwamo twiga wanne. Twiga! Mnyama ambaye hata akijificha nyuma ya mti huonekana juu yake. Mwaka 2014 mahakama ya Moshi ilimhukumu raia mmoja wa Pakistan kifungo cha miaka 60 kwa jambo hilo, naye wakati huo alikwisha kutoroka, hata hukumu ikasomwa hayupo. Watanzania walioshitakiwa pamoja naye waliachiliwa. Hatuwashuku walioachiliwa na mahakama, kwa kuwa mahakama imekwisha kusema. Twauliza tu: je, upelelezi ule ulipoanza, nani alikuwa juu yake, na aliandaliwa namna gani kwa kazi ya kulinganisha vibali, orodha za mizigo na saini?

Wako wasemao kuwa maneno haya ni ya wavivu wa mezani, na kwamba jangili mwenye bunduki ya kivita hatishwi na karatasi. Ni kweli kwamba askari wa porini lazima wawepo, tena wenye silaha na posho ya kutosha, maana wao ndio wafao. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walihesabiwa kuwa zaidi ya 109,000. Hesabu ya mwaka 2014 ikaonyesha kama 43,000. Hasara hiyo haikuvumilika. Lakini tukumbuke pia dawa iliyojaribiwa kwanza. Oktoba 2013 ilianzishwa Operesheni Tokomeza, kwa nguvu za jeshi, polisi na askari wa wanyama pamoja. Kabla ya kutimiza miezi miwili ilikuwa imesimamishwa, kwa sababu ya vilio vya wananchi. Kamati ya Bunge ikaleta habari za mauaji, mateso na mifugo iliyonyang'anywa, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakapoteza vyeo vyao. Wenye mali waliokuwa wakinunua pembe mijini hawakuguswa na fujo ile. Waliopata taabu walikuwa wafugaji na watu wa vijijini.

Sasa linganisha na yaliyofuata. Kikaundwa kikosi cha upelelezi kilichochanganya watu wa idara mbalimbali, nacho kikafuata nyayo za biashara badala ya nyayo za porini. Mwaka 2015 akakamatwa Dar es Salaam Bibi Yang Fenglan, mwanamke wa Kichina aliyekuja nchini miaka ya 1970 kuwa mkalimani katika ujenzi wa reli ya TAZARA, ajuaye Kiswahili vizuri, mwenye hoteli ya chakula mjini na heshima mbele ya wafanya biashara. Mtu wa namna hiyo haonekani kwa darubini ya porini. Shitaka lake lilihusu vipande 860 vya meno ya tembo kati ya mwaka 2000 na 2014, na Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ikamhukumu miaka 15 pamoja na wenzake wawili Watanzania. Kesi ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Hayo ndiyo mashauri tuyatakayo: ya pole pole, yenye mashahidi, na yenye kumfikia mnunuzi.

Nao jirani zetu wa Kenya wametuonyesha upande wa pili. Mwaka 2014 zilikamatwa Mombasa zaidi ya tani mbili za pembe. Mwaka 2016 mfanyabiashara mmoja akafungwa miaka 20 kwa ajili yake, na magazeti ya dunia yakashangilia. Agosti 2018 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimwachilia, kwa kuwa ushahidi haukutosha kumfunga. Hatuna la kusema juu ya mtu yule, ambaye sheria imemweka huru. Lakini pembe zilikuwapo. Hazikujileta zenyewe bandarini, na zilikuwa na mwenyewe. Miaka minne ya kazi ya polisi, mawakili na mahakimu ikaisha bila mwenye pembe hizo kujulikana mbele ya sheria. Kwa hiyo tunaposikia mkuu wa upelelezi akisifiwa kwa idadi ya watu aliowakamata, sisi huuliza ni wangapi waliobaki hatiani baada ya rufani. Hesabu hiyo haisomwi mara nyingi kwenye sherehe.

Basi kazi kubwa ya mkuu huyu itakuwa ndogo ndogo na ya kuchosha. Kielelezo kilichukuliwa saa ngapi, na nani, mbele ya nani? Kilikabidhiwa stoo kwa hati gani? Aliyekipima alitia saini, au alimwachia tarishi? Meno 50 yaliyoandikwa Jumatatu ni yale yale 50 ya Ijumaa? Kila karani wa stoo aliyepata kukaguliwa ajua uchungu wa maswali hayo, na ajua kwamba wakili mzuri wa mshitakiwa huanzia hapo hapo. Mkuu asiyependa maswali haya ataangushwa nayo mahakamani, hata kama ana nyota nyingi begani.

Tunataja nyota kwa makusudi. Tangu mwaka 2018 watumishi wa uhifadhi wa Tanzania wamegeuzwa kuwa jeshi usu, wenye sare, saluti na vyeo vya makamishna. Nidhamu imeongezeka, nasi twaisifu. Hofu yetu ni kwamba njia ya kupanda juu itakuwa ya gwaride peke yake, na yule kijana wa ofisi ya mapato, aliyekaa miaka kumi akivumbua vibali vyenye namba moja vilivyotumika mara tatu, hatahesabiwa kuwa amefanya upelelezi, kwa kuwa hakushika bunduki.

Twamjua mwenzetu mmoja wa jinsi hiyo. Ofisi yake hatuitaji. Aliona hati mbili za kusafirisha mbao, namba moja, mwandiko mmoja, malori mawili. Akaandika dokezo kwa mkubwa wake kama taratibu zitakavyo. Jibu lilikuwa barua ya uhamisho kwenda mahali pasipo na msitu wala mbao. Sasa anaandikisha vizazi na vifo, na twasikia anaifanya kazi hiyo vizuri.

Jambo hili latufikisha kwenye shauri la mahali atakapokaa mkuu huyo, ambalo kwetu ni zito kuliko mshahara wake. Wakala wa Huduma za Misitu huuza vibali, hukusanya ushuru, na hulinda msitu. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori husimamia uwindaji wa kulipia, tena hupambana na ujangili. Hatusemi kuwa waliomo ni wabaya. Lakini mwenye duka haachiwi kujikagua leja yake mwenyewe, hata awe mcha Mungu. Mkuu wa upelelezi akiwekwa chini ya yule autoaye kibali, siku atakapokishuku kibali atamwandikia nani dokezo? Afadhali akae karibu na Mkurugenzi wa Mashtaka, apewe muda wa miaka iliyotajwa, wala asiondolewe kabla ya muda huo pasipo sababu iliyoandikwa.

Tena kazi hii ina hatari. Agosti 2017 Bwana Wayne Lotter, mtu wa Afrika Kusini ambaye shirika lake la PAMS lilikuwa likikisaidia kikosi tulichokitaja, alipigwa risasi akafa mjini Dar es Salaam, akiwa njiani kutoka uwanja wa ndege. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ikawahukumu watu kumi na mmoja kwa mauaji hayo. Ikiwa mtu mwenye jina duniani alifikiwa hivyo, karani wa kizuizi cha barabara atalindwa na nani? Mgombea wa cheo hiki na aulizwe swali hilo usoni, na ajibu atawalindaje mashahidi wadogo.

Asili yake isiwe neno. Mwaka 1989 Rais Moi wa Kenya alimteua Richard Leakey, mtu wa makumbusho na mifupa ya kale, kuongoza idara ya wanyama, na Julai mwaka huo zikachomwa moto tani 12 za pembe mbele ya dunia. Hakuwa askari. Ni kweli kwamba naye alisifiwa zaidi kwa bunduki alizowapa askari wake, na mwaka 1994 alijiuzulu katikati ya ugomvi na wakubwa wa siasa. Lakini alionyesha kuwa mtu wa nje ya sare aweza kuiongoza sare.

Vyeo vya namna hii huteuliwa juu, nasi hatuyapingi mamlaka hayo. Tunaloomba ni kwamba kabla jina halijapelekwa juu, nafasi itangazwe wazi, na watumishi wa daraja zote, wa misitu, forodha, mapato na mahakama, wanaume kwa wanawake, waruhusiwe kuomba. Kisha kila mwombaji apewe faili la shauri lililoanguka katika rufani, afungiwe nalo chumbani siku mbili, aandike kwa mkono wake ni wapi lilipovuja na yeye angefanya nini. Majibu hayo yasomwe na jaji mstaafu asiyejua majina ya walioandika. Mtihani huu hauna gharama ila chai na karatasi.

Katibu wetu anaandaa barua ya chama kwa wakubwa wanaohusika. Wanachama walio bandarini, kwenye vizuizi vya barabara na katika ofisi za misitu za wilaya, wenye jambo la kuongeza juu ya namna hati zinavyopotea au kurudiwa, wanaombwa kumpelekea kwa maandishi kabla ya mkutano wa mwaka. Majina yao hayatatiwa katika barua.