Nyumba ya Watawa Iliyochomwa Ikajengwa Tena

Mtu wa Kombewa atakaye kuona nyumba ya watawa kama zile za kale za Ulaya haimlazimu kuvuka bahari. Iko moja Peramiho, karibu na mji wa Songea, kusini mwa Tanzania. Nyingi za Ulaya zilijengwa kwa matao yenye ncha, ujenzi uitwao Gothiki. Bali kanisa kubwa la Peramiho, lililojengwa kati ya 1943 na 1948, lina matao ya duara, ambayo ni ujenzi wa kale zaidi.

Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss, mtawa Mbenedikto. Mwaka 1905 vilizuka Vita vya Maji Maji. Mwezi wa Agosti Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa safarini pamoja na watawa wanne. Septemba Peramiho ikachomwa moto. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikali. Februari 1906 waliwanyonga wakuu na wapiganaji wengi wa Wangoni pale Songea, na padre mmoja aliwabatiza wengi wao kabla hawajafa. Kwa hiyo mgeni mwenye busara husimama kwanza Songea, penye kaburi la hao walionyongwa, ndipo aende Peramiho. Asipofanya hivyo atakuwa amesikia nusu ya habari.

Watawa walirudi wakajenga upya, na mwaka 1931 nyumba ikawa abasia. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto yataka mtawa asali na pia afanye kazi kwa mikono yake. Ndiyo sababu mgeni ataona hospitali, karakana na shule ya ufundi kando ya kanisa. Huko ndiko lilikoanza gazeti la Mwenge mwaka 1937. Kengele ya sala ikilia, mgeni na anyamaze, kwa maana ameingia nyumbani mwa watu.

Watu wa Kisumu nao walikuwa na jirani wa namna hii. Watrapisti walikaa Kipkelion tangu 1956, hata fujo za uchaguzi zilipowaondoa mwaka 2008, wakaenda kujenga upya Uganda. Ukuta hauifanyi nyumba kuwa ya watawa. Huifanya wale wanaokubali kuanza tena.