Sadaka ya Njugu Zilizoharibika



Baada ya darsa, mama mmoja aliniuliza: amebakiwa na njugu tangu Ramadhani, nazo zimeanza kunuka na kufanya ukungu. Je, azikaange upya awape watoto wa chuoni, asije akafanya israfu?

Nilimjibu: La, mama yangu. Israfu haifutwi kwa kumlisha mwenzio madhara. Sura ya al-Baqara, aya ya 267, yatukataza kukusudia kilicho kibaya tukakitoa.

Basi tuzijue dalili. Njugu, korosho au lozi ambayo mafuta yake yameharibika hunuka kama rangi ya nyumba, na ladha yake huwa chungu. Hiyo itupwe. Yenye ukungu, au iliyosinyaa na kugeuka rangi, ni hatari zaidi, kwani yaweza kuwa na sumukuvu, idhuruyo ini. Sumu hiyo haimalizwi kwa kukaanga. Hata kuku wasipewe.

Pwani yetu ni ya joto na unyevu. Kwa hivyo nunua kiasi cha haja. Zikaangwazo ziache zipoe kabisa kabla ya kufunika, mvuke usije ukazilowesha. Zitie katika chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, andika tarehe, kisha weka kwenye friji, ambamo hukaa miezi kadhaa.

Kabla ya kumpa mtoto wa mwenzio, jiulize: wangu ningempa?

Wallahu a'lam.