Mgonjwa wa bipola apelekwe kituo cha afya, asifungwe kamba

Katika kata nyingi za Goma, na hata kwenye makao ya wahami, mambo huanza hivi. Kijana wa chukudu, mtulivu siku zote, analala saa moja ao mbili tu usiku, na asubuhi haonyeshi kuchoka. Anaongea mbio, anaruka kutoka jambo hili hadi lingine. Anatangaza kwamba atajengea ukoo mzima nyumba za matofali. Siku chache baadaye anauza chukudu kwa bei ya bure na kugawa franka barabarani. Akizuiwa, anapiga. Majirani wanasema: ana mapepo. Kesho yake yuko ndani ya chumba cha maombi, amefungwa kamba mikono na miguu, hapewi chakula kwa sababu eti yuko katika mfungo.

Wiki zinapita, anatulia. Mwenye chumba anatoa ushuhuda kwamba kijana amekombolewa, na familia inaleta mbuzi. Kisha, miezi kadhaa baadaye, kijana huyo huyo anajifungia ndani. Haongei, hali, haogi, anasema heri afe. Safari hii wanamwita mvivu.

Huo ni ugonjwa mmoja wenye nyuso mbili. Waganga wa hospitali wanauita bipola: akili inapanda kupita kiasi, kisha inashuka kupita kiasi. Mara nyingi huanza mtu akiwa kijana. Unaweza kufuata damu ya ukoo, na kukosa usingizi ao mshituko mkubwa vinaweza kuuamsha. Shirika la afya duniani lilihesabu watu karibu milioni 40 wenye ugonjwa huu mwaka 2019. Hao wote hawakurogwa na shangazi zao.

Udanganyifu uko hapa: kipindi cha kupanda, hata bila dawa, kwa kawaida hupungua chenyewe baada ya wiki ao miezi. Chumba cha maombi kinachukua sifa ya kitu ambacho muda umefanya. Ugonjwa ukirudi, lawama inaangukia imani ndogo ya mama, ao bibi mzee anaitwa mchawi. Mbuzi amekwisha kuliwa. Kuombea mgonjwa si kosa. Kosa ni kumfunga, kumnyima chakula na kumzuia asifike kwa muuguzi.

Wengine watajibu kwamba dawa zinamfanya mtu kuwa kama gogo. Ni kweli kuna zinazoleta usingizi, kutetemeka ao kunenepa. Ndiyo maana mgonjwa anarudi kwa daktari kupimwa na kupunguziwa ao kubadilishiwa. Si sababu ya kuzitupa. Dawa ya litiamu inatumiwa kwa ugonjwa huu tangu mwaka 1949, na inadai kupima damu mara kwa mara. Valproati inaweza kulemaza mtoto tumboni, basi kila mwanamke anayeweza kupata mimba amwambie daktari mapema. Na vidonge vya huzuni vinavyonunuliwa kwenye famasi bila daktari vinaweza kumpandisha tena. Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha dawa siku mtu anapojisikia mzima.

Dawa peke yake haitoshi. Kuna matibabu ya mazungumzo, ambapo mgonjwa na jamaa yake wanajifunza dalili za kwanza: usingizi unapungua, matumizi ya pesa yanaongezeka. Wanapatana nani atashika pesa siku hizo. Wanalinda saa ya kulala, wanaepuka pombe na bangi. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata dakika moja, na vitu vya hatari viondolewe karibu naye.

Kwa wahami mzigo ni mara mbili. Katika sehemu za vita, karibu mtu mmoja kwa watano ana shida fulani ya akili, kwa hesabu ya shirika hilo hilo. Risasi zikilia, familia inabeba godoro, sufuria na watoto. Fishi ya hospitali inabaki, dawa zinakatika. Basi fishi na vidonge vifungwe pamoja na sufuria.

Lakini familia hazitaweza peke yao. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna Sosame, na hivyo viwili haviwezi kubeba Kivu nzima. Litiamu na valproati ziko kwenye orodha ya dawa za lazima duniani. Kwa nini basi anayegawa shitingi na maharagwe hakumbuki vidonge hivyo? Kwa nini kituo cha afya kina dawa ya malaria na hakina muuguzi aliyefundishwa magonjwa ya akili? Viongozi na mashirika wajibu.

Na mzazi ambaye mtoto wake amefungwa leo asingoje ushuhuda wa Jumapili. Amfungue, ampe maji na chakula, ampeleke.