Picha ya Unguja ya Zamani Ukutani kwa Biharusi



Michoro ya Unguja ya karne ya 19 imekuwa pambo zuri la kadi za harusi na vyumba vya mabiharusi: majahazi bandarini, bendera ya Sultani, nyumba nyeupe zimejipanga pwani. Sisemi isitundikwe. Ila tuijue tunayoitundika.

Kwanza umri wake. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883. Ukiona mchoro wa pwani ile na jumba hilo halimo, basi ni mji wa kabla ya hapo. Na Beit al-Hukm, nyumba ya wanawake wa kifalme, iliharibiwa na mizinga ya manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896.

Pili, aliyechora. Michoro mingi ya aina hii ni ya wageni waliotazama mji kutoka melini, ikaenda kuchapwa Ulaya. Kutoka baharini huonekana matanga, makuli na kuta. Wanawake hawamo. Anayetazama haraka hudhani nyuma ya kuta zile palikuwa kimya tu.

Hapo ndipo nisipokubali. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844 na akakulia ndani ya nyumba hizo. Mwaka 1886 alichapisha Ujerumani kitabu cha maisha yake, akaeleza masomo, sikukuu, ndoa na maradhi. Anasimulia alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Qur'ani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mchoraji aliyeko melini angelijuaje hilo?

Mwanamke kukaa kwenye sitara hakumaanishi kwamba hakuwepo. Alisoma, alilea, aliamua mambo. Lililokosekana ni mtu wa kuyaandika.

Kwa hiyo, biharusi, tundika picha yako. Lakini kabla ya siku ya nikaha, kaa na bibi yako au somo wako umuulize: Alizaliwa nyumba gani? Nani alimsomesha msahafu? Nani alimpaka hina, na nguo yake ya harusi ilishonwa na nani? Andika majibu kwa mkono, tia tarehe, uyabandike nyuma ya fremu.

Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, na habari za ndani ya nyumba zetu hakuna mgeni atakayekuja kutuandikia. Hiyo ni kazi yetu wenyewe, inshaAllah.