Emma Bovary na Walimu Wake: Jibu kwa Wanaotaka Kumfungia Mlango



Yapo maneno ambayo mtu huyasikia mkutanoni akanyamaza kwa heshima, kisha akifika nyumbani usingizi ukamkataa. Tulipokuwa tukizungumzia vitabu vya fasihi ya ulimwengu vinavyofaa kuelezwa kwa Kiswahili mbele ya wanafunzi wetu, mwenzetu mmoja, ambaye namheshimu kwa umri na kwa elimu, alisimama akataka riwaya ya Madame Bovary, ya Mfaransa Gustave Flaubert, iondolewe kabisa katika orodha. Hoja zake zilikuwa tatu. Kwanza, kwamba ni hadithi isiyo na tukio: mwanamke ameketi dirishani, anaota. Pili, kwamba yawafundisha wake za watu kuyadharau majumba yao. Tatu, kwamba ni maradhi ya Kizungu, kwa maana mama wa nyumba wa kwetu, mwenye kuni, maji na watoto, hana nafasi ya kuota ndoto za mchana. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na leo naomba ruhusa ya kueleza sababu.

Yafaa kwanza tukumbushane kitabu chenyewe, maana nina shaka kwamba baadhi ya waliopiga makofi walikisoma zamani, na wengine walisimuliwa tu.

Emma ni binti wa mkulima wa Normandie, kaskazini ya Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka 13 baba yake alimpeleka katika shule ya watawa mjini Rouen. Huko alifundishwa sala, muziki na adabu za mabibi wakubwa. Kwa siri alisoma pia riwaya za mapenzi, zilizoletwa na mwanamke mzee aliyekuja kila mwezi kutengeneza nguo za shule, naye akizificha mifukoni mwa aproni yake. Mama yake Emma alifariki binti angali shuleni. Baadaye akaolewa na Charles Bovary, tabibu wa shamba asiye na shahada kamili ya udaktari; mtu mwema, mchapa kazi, ampendaye mkewe kwa moyo wote na asiyejua hata chembe ya yaliyomo moyoni mwake.

Siku moja mke na mume wanaalikwa kwenye dansi katika jumba la bwana mmoja mkubwa. Usiku huo mmoja watosha. Tangu hapo Emma anahesabu majuma: leo juma moja limepita tangu nilipokuwa kule, leo mawili, leo matatu. Ananunua ramani ya Paris, mji asioishi, na kwa ncha ya kidole anatembea mitaani mwake akiwa ameketi kwake kijijini. Kuna kifuko cha sigara kilichookotwa njiani wakati wa kurudi kutoka dansini; anakificha kabatini kati ya nguo, na mumewe akitoka hukitoa akakinusa. Anapokwenda kwa padri kutafuta msaada, padri anadhani ni tumbo, anamshauri arudi nyumbani anywe chai. Anampenda Rodolphe, mwenye mali, kisha Léon, karani. Na kila mmoja wao anamvisha vazi alilokwisha kulishona mwenyewe katika fikira zake. Mfanyabiashara Lheureux, aijuaye ndoto hiyo kuliko mume, anaikopesha: mapazia, mazulia, nguo, hati ya deni juu ya hati ya deni, hata mahakama inaamuru alipe faranga 8,000, la sivyo vyombo vya nyumba vikamatwe. Emma anakula sumu. Charles naye anakufa kwa majonzi, na mtoto wao Berthe anapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba ili apate riziki yake.

Hicho ndicho kitabu. Sasa nizijibu hoja.

Kwamba hakuna tukio: naomba msomaji asimame kidogo katika sura ile ambamo Charles anarudi nyumbani usiku wa manane. Anakitazama kitanda cha mtoto. Anamwona Berthe akikua, akitoka shule na kikapu mkononi. Anawaza ada itatoka wapi; labda akodi kijishamba. Anamwona akifundishwa piano, akipata mume mwema. Kando yake Emma anajifanya amelala. Yeye yuko mbali, katika gari la farasi wanne liendalo mbio, pamoja na Rodolphe, kuelekea nchi ambayo hawatarudi kutoka huko. Kitanda kimoja, safari mbili, na hapana aliyetamka neno. Mtu akisema kwamba hapa hakuna tukio, basi tukio kwake ni lile tu lenye vumbi na damu. Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango. Riwaya ya nafsi ni hiyo inayotupitisha mlangoni ikatuketisha ndani.

Tena, walimu wa lugha ndio wa mwisho kustahili kulalamika. Flaubert alikishughulikia kitabu hiki kwa muda wa karibu miaka mitano, tangu 1851 hata 1856, kwa sababu alitafuta namna ya kuyaandika mawazo ya Emma bila kusema kila mara kwamba Emma aliwaza. Sauti ya msimulizi inateleza ikawa sauti ya mke mwenyewe, kisha ikarudi. Nani asiyeona kwamba Kiswahili kimejaliwa vyombo vya kazi hiyo? Tunayo -nge- na tunayo -ngali-. Tunazifundisha ubaoni kwa mifano mikavu ya mvua na mkulima, kana kwamba ni hesabu. Kumbe hizo ndizo nyakati za maisha yasiyokuwapo. Emma ameishi ndani ya -nge-, na siku deni lilipodaiwa alijikuta katika -ngali-. Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi hatazisahau tena.

Kwamba kitabu chawapotosha wake za watu: hoja hii si mpya, na ilikwisha kuletwa mbele ya hakimu. Riwaya ilipotoka kwa sehemu katika jarida la Revue de Paris mwaka 1856, serikali ya Ufaransa ilimshtaki mwandishi kwa kuchafua maadili na dini. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alilalamika hasa kwamba kitabuni hamna hata mtu mmoja awezaye kumhukumu mwanamke huyu. Mume ni mpumbavu mbele yake, padri hamwelewi, mfamasia ni mpiga domo. Tarehe 7 Februari 1857 mahakama ilimwachilia Flaubert. Nawauliza wenzangu: je, sisi tunataka kuirudia kesi ambayo Pinard aliishindwa? Alichokiita kosa ndicho kinachonifanya nikipeleke kitabu darasani. Kwa kuwa hakimu hayumo kitabuni, kazi ya kupima inaangukia juu ya msomaji. Na kupima ndiko tunakolipwa mshahara kufundisha.

Mwenzetu alitukumbusha pia kwamba tunao Utendi wa Mwana Kupona, na kwamba huo watosha kumfunza mke. Naupenda utendi huo wala simwachii mtu kunipita katika kuusifu. Ulitungwa yapata mwaka 1858, yaani mara tu baada ya kitabu cha Flaubert kutoka. Mama yule wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake akae karibu, achukue wino na karatasi, amweleze mwendo wa dunia na wa nyumba. Mnamo miaka hiyohiyo, katika fasihi ya Ufaransa, anatokea binti ambaye mama yake amekufa bila ya kumwachia neno, naye anachobaki nacho ni picha ya ukumbusho iliyotengenezwa kwa nywele za marehemu. Mimi sioni ugomvi kati ya vitabu hivi viwili. Utendi waeleza mke atende nini. Riwaya yauliza linampata nini yule asiyekuwa na wa kumwita akae karibu. Ampendaye Mwana Kupona kweli hawezi kumfukuza Emma, maana Emma ndiye mwana aliyekosa mama wa namna hiyo.

Wala kukiondoa kitabu hakuliondoi jambo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Ikasomwa chini ya madawati, na baadaye ikarudi kufundishwa waziwazi. Katika muda ule, je, akina baba wakali walipungua? Je, mabinti waliofungiwa hata wasijue kuchagua walipungua? Tulichopunguza ni nafasi ya kuzungumza nao tu.

Nafika kwenye hoja ya tatu, na hii ndiyo iliyoniuma. Eti mama wa nyumba wa kwetu hana nafasi ya kuota.

Miaka kadhaa nilifundisha darasa la jioni la watu wazima. Palikuwa na mama mmoja, mke wa mtu, mwenye watoto watano, aliyekuja akiwa na harufu ya moshi wa jikoni katika kanga yake. Nilipowapa insha juu ya nyumba yangu, alinijia baada ya darasa akaniuliza aandike juu ya nyumba ipi. Nilidhani wana nyumba mbili. Akanieleza, bila ya aibu na bila ya kutabasamu, kwamba iko ile wanayokaa, na iko nyingine ambayo huingia akianza kuchambua mchele. Kwamba amekaa humo tangu mwaka wa pili wa ndoa, anaijua idadi ya madirisha yake, na kwamba humo yupo mtu amwulizaye habari za mchana kutwa. Mimi, mwalimu, nilimjibu kwamba aandike juu ya nyumba ya kweli, kwani ndiyo itakayosahihishwa. Aliandika. Ilikuwa insha safi isiyo na kosa, wala haikuwa na kitu. Baada ya muhula ule hakurudi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndoto haihitaji kiti wala saa ya mapumziko. Yatembea na ndoo kichwani na kukaa kando ya chungu. Emma hakuota kwa sababu alikuwa na mtumishi. Aliota kwa sababu alijazwa matamanio, kisha akawekwa mahali asipokuwa na hata mtu mmoja wa kumsikiliza, kiasi kwamba angaliweza kumweleza siri zake kuni zilizomo mekoni. Hali hiyo haina rangi ya ngozi. Wala Lheureux si wa Ulaya peke yake: leo ndoto haziji tena mifukoni mwa mshona nguo, huja kwa televisheni na kwa simu ya mkononi, na mkopo huja kwa njia hiyohiyo.

Hapa ndipo nataka kusema neno langu lenyewe. Husemwa kwamba Emma aliharibiwa na vitabu. Mimi nasema aliharibiwa na walimu wake. Shule ilimfundisha kusoma, isimfundishe kukiuliza kitabu swali. Watawa walikagua sala zake. Hapana aliyemwuliza umesoma nini jana usiku, na je, wakiamka asubuhi hao wapenzi wa hadithini hula nini, hulipa nini, na nani huwafulia? Swali moja la namna hiyo, likiulizwa kwa upole mbele ya wenzake, lingalimfaa kuliko kufuli kumi. Na sisi je? Tunauliza katika mtihani: mhusika huyu ni mwema au mbaya, toa sababu tatu. Mwanafunzi anatoa sababu tatu, anapata alama, anarudi kwenye nyumba yake ya pili tuliyokataa kuisahihisha. Sisemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Nimekwisha kuwaeleza niliyoyatenda mimi.

Mwaka 1892 mwanafalsafa Jules de Gaultier alilitoa jina la Bovary kitabuni akalifanya jina la hali: uwezo wa binadamu kujiwazia kuwa yeye ni mwingine asiye yeye. Mwaka 1928 Jean Price-Mars wa Haiti alilichukua jina hilo akawavisha wasomi wa nchi yake, waliojiwazia kuwa Wafaransa na kuona haya kwa lugha na ngano za watu wao. Basi mgonjwa si mama wa jikoni tu. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambazo shule zake zilijengwa juu ya Kifaransa, ni wangapi kati yetu hukiacha Kiswahili mlangoni mwa darasa kama koti la kazi, tukawasomesha watoto wetu wenyewe ili wasije wakakihitaji? Nasi tuna ramani ya Paris, na kidole chetu hakijachoka.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Riwaya hii ibaki katika orodha yetu, ielezwe na kujadiliwa kwa Kiswahili, kando ya Mwana Kupona na kando ya Rosa. Na mwanafunzi akija kutuuliza aandike juu ya nyumba ipi, tumwambie aandike juu ya zote mbili, nasi tukae tuzisome. Mwenzetu aliyetoa shauri namwalika anijibu katika kurasa hizihizi. Lakini kwanza akisome kitabu upya, na akimaliza amwulize mkewe, bila ya haraka, habari za mchana kutwa.