Cha Juu Chako

Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa ya Dar es Salaam utaona kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni hucheka. Mwenyeji hacheki, kwani anajua kwamba zipo nyumba zilizouzwa huku wenyewe wamelala ndani. Kwa maandishi yale tunajikinga na tapeli asiye na ruhusa yetu. Lakini iko hasara nyingine ambayo tunaikaribisha wenyewe, kwa maneno matatu tu: cha juu chako.

Maneno hayo niliyatamka mwaka 2007. Baba yetu alikuwa amefariki na kuacha nyumba ya vyumba sita huko Tandika, na Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imeniteua kuwa msimamizi wa mirathi. Tulikuwa watoto wanne, kila mmoja na shida zake, tukakubaliana nyumba iuzwe. Nikamwita dalali wa mtaani. Akaniuliza, "Kaka, unataka ngapi mkononi?" Nikamwambia milioni 20. "Na mimi je?" Nikamjibu kama wanavyojibu wengi: "Cha juu chako."

Nilijiona mjanja, kwa kuwa sikutoa hata senti moja ya udalali. Baada ya wiki tatu alileta mnunuzi, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, dalali akanikabidhi fedha, nasi tukagawana milioni tano tano.

Mwaka uliofuata, katika msiba wa jirani, dada yangu mkubwa alikaa mkeka mmoja na mke wa yule mnunuzi. Katika mazungumzo mama yule akasema kwamba nyumba ile waliinunua kwa milioni 27. Dalali alikuwa amewaambia kuwa familia inataka 27, ila kwenye karatasi iandikwe 20 ili gharama za serikali zipungue. Dada hakusema kitu pale msibani. Alikuja kwangu jioni, akakataa chai, akauliza swali moja: "Saba ziko wapi?"

Nilimweleza yote. Nilimwonyesha na karatasi. Lakini karatasi ilisema 20 na sahihi ilikuwa yangu. Hata kama ningezila mimi zile saba, karatasi ningekuwa nayo hiyo hiyo.

Nilimwendea wakili. Akaniambia kwamba chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, wakala anayejinufaisha kwa kazi ya mwenye mali bila mwenyewe kujua, anaweza kudaiwa faida hiyo. Kisha akaniuliza kama nilimpa ruhusa ya kuongeza bei. Nikanyamaza. Cha mlevi huliwa na mgema, na pombe ile niliiagiza mwenyewe.

Wapo watakaonibishia. Watasema, "Mimi nimepata nilichotaka. Akipata zaidi ni jasho lake." Hoja hii naijua, kwani ndiyo iliyonipoteza. Itazame vizuri. Ukishasema cha juu chako, dalali hafanyi kazi yako tena. Anafanya kazi ya lile pengo lililo kati ya bei yako na bei ya mnunuzi. Akija mtu mwenye milioni 21, atamficha, kwa sababu kwako wewe 21 ni nzuri lakini kwake ni milioni moja tu. Atahakikisha wewe na mnunuzi hamkai peke yenu hata dakika tano. Na wewe utaondoka duniani bila kujua nyumba ya baba yako ilikuwa na thamani gani.

Isitoshe, mnunuzi naye ameumizwa. Ametoa 27, lakini karatasi yake inasema 20. Siku atakapouza, kodi ya faida itahesabiwa kana kwamba alinunua kwa 20, na ile saba aliyotoa mfukoni itaonekana ni faida. Mauzo yakibatilika, atadai 27 kwa ushahidi gani? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari.

Wengine watasema dawa ni kuwakimbia madalali wote. La hasha. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Dalali hutembea juani, huwaleta watu kumi ili apatikane mmoja, na mara nyingi huambulia patupu. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na shina lake ni kuonyesha, kuelekeza. Hiyo ndiyo kazi yake, na inastahili malipo. Kosa letu ni kumkabidhi na bei, na karatasi, na fedha.

Wengine tena watangoja sheria. Kenya wanayo sheria ya mawakala wa nyumba tangu mwaka 1984, inayomtaka wakala asajiliwe. Ni jambo jema. Lakini ni sheria gani itakayomlinda mtu aliyeridhia kwa kinywa chake asijue bei ya mali yake?

Mwaka 2018 nilistaafu, nikaamua kuuza nyumba yangu ya Mbagala nihamie Morogoro. Nilifuta maandishi ukutani kwa mkono wangu. Nikawauliza majirani waliouza karibuni walipata ngapi, kisha nikamlipa mthamini aliyesajiliwa. Mke wangu akaandika ridhaa yake, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hainiruhusu kuuza nyumba ya familia bila yeye kukubali. Ndipo nikawaita madalali, nikawawekea masharti kwa maandishi: asilimia tatu ya bei halisi, nitalipa fedha zikishaingia benki, mimi na mnunuzi tutazungumza ana kwa ana, na cha juu hakuna.

Watatu waliondoka, mmoja akinicheka. Wa nne, kijana mdogo, alisoma masharti mara mbili akatia sahihi. Ilichukua miezi tisa, na kuna siku nilitamani kuwarudia wale watatu. Lakini siku ya mkataba, mezani kwa wakili, mimi, mnunuzi na dalali tuliitaja bei moja.

Nakala ya mkataba nilimpelekea dada. Hakuwa na fungu katika nyumba ile. Aliisoma yote, mpaka mihuri, akaikunja akanirudishia. Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Ya mwaka 2007 hatujayamaliza, na huenda hatutayamaliza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiniulize kama utumie dalali au usitumie. Muulize yeye kwanza kama yuko tayari bei ijulikane na watu wote watatu. Akikubali, mpe kazi na umlipe jasho lake bila kumpunja. Akikuuliza unataka ngapi mkononi, mfungulie mlango aende zake.