Kwanza pointa ya pembeni
Mwandishi, kwenye mfano wako wa C, p = realloc(p, n), unawapoteza wanaoanza. Kumbukumbu ikikosekana, realloc inarudisha NULL. Safu ya zamani bado ipo, lakini anwani yake umeifuta mwenyewe. Pokea jibu kwenye pointa nyingine, likague, ndipo uliweke kwenye p. Hapa Bunia tunafundishana kwa programu ya kuandikisha magunia ya kahawa kutoka Mahagi: hakuna ajuaye yatafika mangapi. Kwa hiyo nafasi 8 za safu zikijaa, omba 16, kisha 32. Kuongeza moja moja kunachosha mashine bure, maana kila mara data yote inaweza kunakiliwa upya. Na n ni baiti, si idadi ya magunia: zidisha idadi hiyo kwa sizeof ya rekodi moja. Rekebisha mfano huo, tafadhali.